Vyumba vichache, kichwa kizima: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wenye nyumba wa Dar es Salaam

Majibu haya ni ya mtu mwenye vyumba vichache. Aliyejenga kwa kiinua mgongo, aliyeongeza banda la uani baada ya watoto kuondoka, mjane anayesomesha kwa kodi ya vyumba vitatu Mbagala au Gongo la Mboto. Mwenye maghorofa ana wakili na meneja. Huyu wetu hufanya yote mwenyewe, na mara nyingi anatenganishwa na mpangaji wake kwa ukuta mmoja tu, wanasikilizana hadi kikohozi. Nimepangisha vyumba kwa muda mrefu na msimamo wangu utauona kila mahali hapa chini: kwa mwenye vyumba vichache, pesa iko kwa mpangaji mwema anayekaa, haiko kwenye kodi kubwa.

Nitajuaje kodi inayofaa kwa chumba changu?

Waulize wapangaji wa mtaani kwako, usimuulize dalali. Mpangaji atakwambia analipa kiasi gani na anapata nini: maji yako ndani au anachota, choo ni cha peke yake au cha kushea, umeme mita ni ya nani, barabara inapitika masika au anavua viatu. Chumba masta chenye tailizi na choo ndani hakilingani bei na chumba singo cha koridoni hata kama vimepakana.

Kisha piga hesabu ya chumba kikiwa wazi, kwa sababu wengi huiruka. Tuseme unatoza 80,000 kwa mwezi na unataka kupanda hadi 90,000. Mpangaji anagoma, anahama, na chumba kinakaa miezi miwili bila mtu. Umepoteza 160,000, na kwa ile nyongeza ya 10,000 utahitaji miezi 16 kuirudisha, hapo bado hujanunua rangi wala kubadilisha kitasa. Kupandisha kodi ni haki yako, maana saruji na bati navyo vinapanda. Ila panda kidogo, mkataba unapoisha, na umwambie mtu mapema kwa maandishi. Kupandisha katikati ya mkataba ambao kodi yake umeshaipokea hakukubaliki.

Nichukue kodi ya miezi mingapi?

Dar wengi bado wanadai miezi sita, wapo wanaong'ang'ania mwaka. Mimi naona miezi mitatu inatosha, hasa kwa mtu wa kipato cha kila siku: fundi, mama ntilie, dereva wa bodaboda. Anayelazimishwa kutoa miezi sita mara nyingi hukopa, na akishaanza kwa mkopo, awamu ya pili itakusumbua wewe.

Kwako pia pesa ya mkupuo ina hatari yake. Laki tano ikiingia Julai inaenda kwenye harusi na ada, halafu Machi mvua inafumua bati na huna hata ya misumari. Kila kodi inapoingia, toa sehemu ya matengenezo kwanza, uiweke pembeni kwenye akaunti au kibubu cha simu ambacho hukigusi kwa jambo jingine.

Jambo dogo linalosaidia sana: usiruhusu awamu mpya ya kodi iangukie Januari. Mwezi huo kila mzazi anakimbizana na sare na michango ya shule. Ukianza na mtu Oktoba kwa miezi mitatu, umejipangia ugomvi wa Januari. Mpe mkataba wa kwanza wa miezi minne au mitano, mambo yatanyooka.

Nimtumie dalali au nitafute mwenyewe?

Dalali kwa kawaida anachukua kodi ya mwezi mmoja kutoka kwa mpangaji, na wengine wanatoza na hela ya kuonesha chumba. Maana yake analipwa kila chumba kinapobadilisha mtu. Wewe unakula mpangaji akikaa, yeye anakula akihama. Wapo madalali waaminifu kabisa, ila kumbuka mnavuta kamba pande tofauti.

Njia ninayoipenda ni kuwaambia wapangaji nilionao. Mpangaji mzuri huleta ndugu au mfanyakazi mwenzake, na anajua akileta mtu wa fujo yeye ndiye wa kwanza kukosa usingizi. Mpe kitu kidogo cha shukrani, ni nafuu kuliko udalali. Ukimtumia dalali, masharti mawili: kodi isipite mkononi mwake, na asiahidi chochote kwa niaba yako. Kesi nyingi za chumba kimoja kupangishwa watu wawili zinaanzia kwa dalali aliyeachiwa funguo.

Nimpime vipi mtu kabla ya kumpa funguo?

Kitambulisho cha NIDA, namba ya simu ya mdhamini unayempigia papo hapo akiwa mbele yako, na barua ya serikali ya mtaa anakotoka. Kisha umpeleke au umwambie aende kujitambulisha kwa mjumbe wa mtaa wako. Asiye na nia mbaya haoni tabu. Mwulize alikokuwa anakaa na kwa nini anahama, ukipata nafasi zungumza na mwenye nyumba wake wa zamani. Huyo hana sababu ya kukudanganya, isipokuwa kama anataka sana aondoke kwake, kwa hiyo uliza na jirani.

Uliza pia watakaa wangapi. Anaingia kijana mmoja na godoro, baada ya mwezi mko na watu watano, choo kimoja, tangi moja la maji. Hili liandikwe kwenye mkataba.

Kuna wenye nyumba wanaokataa wanawake wasioolewa, au mama mwenye watoto wadogo, au kabila fulani. Naliona ni dhuluma tupu. Dada anayejitegemea anayelipa tarehe moja kila mwezi anazungushwa mtaa mzima kwa sababu hana mume, halafu chumba anapewa mwanaume ambaye hakuna aliyemuuliza swali hata moja.

Ni lazima mkataba wa maandishi? Tunafahamiana.

Ndiyo, na mnaofahamiana mnauhitaji zaidi, kwa sababu mtaona haya kudaiana. Ukurasa mmoja au miwili ya Kiswahili inatosha: majina na namba za vitambulisho, chumba kipi, kodi kiasi gani na kwa kipindi gani, nani analipa umeme, maji, taka na ulinzi, idadi ya watu, muda wa notisi, saini zenu na za mashahidi wawili. Wengi huenda kugonga muhuri kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Unasaidia kama ushahidi kwamba mlipatana.

Kuna kitu ambacho wengi hawakijui. Mkataba wa pango unatakiwa kulipiwa ushuru wa stempu kwa Mamlaka ya Mapato (TRA), asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwa chumba cha 80,000, kodi ya mwaka ni 960,000, ushuru ni 9,600. Usipolipiwa, siku mkifika baraza la ardhi upande wa pili unaweza kuupinga usipokelewe kama ushahidi. Kwa pesa hiyo sioni sababu ya kuliacha jambo hewani.

Siku ya kukabidhi funguo, ingieni chumbani pamoja na simu. Piga picha kuta, dari, vitasa, soketi, vioo vya dirisha, bomba la sinki, na namba iliyosomeka kwenye mita. Mtumie picha zote WhatsApp palepale ili ziwe na tarehe kwa wote wawili. Ukichukua depoziti, picha hizi ndizo zitakazoamua nani anarudishiwa kiasi gani.

Umeme wa kushea unanimalizia wapangaji. Nifanye nini?

Hakuna kinachovunja nyumba za wapangaji kama LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, moja ya watu wanne. Mwenye friji anasema analipa sawa, mwenye taa moja anasema ananyonywa, na usiku uniti zikiisha kila mtu anajifanya amelala.

Kuna hasara nyingine iliyofichika kwenye bei. Shirika la umeme, TANESCO, lina kundi la wateja wadogo, D1, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambao huuziwa uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Kundi la T1, la wateja wa kawaida, huuziwa kwa shilingi 292. Ukiongeza VAT na tozo za wakala wa umeme vijijini (REA) na mdhibiti wa nishati na maji (EWURA), inakuwa kama 122 kwa 356. Sasa chukua familia nne, kila moja inatumia uniti 50. Kila moja ikiwa na mita yake kwenye kundi la wadogo, ingelipa kama 6,100. Zikiwa kwenye mita moja ni uniti 200, mita inakaa T1, na kila familia inatoa kama 17,800. Hiyo tofauti ndiyo inayomhamisha mpangaji, hata kama hajui imetoka wapi.

Mwenye uwezo aombe mita ya kila chumba, au angalau atenganishe banda la uani na nyumba kubwa. Gharama ya kuunganishwa ni ya mara moja. Asiyeweza kwa sasa afunge sabmita, yaani mita ndogo ya kila chumba nyuma ya ile kubwa. Sabmita haibadilishi bei ya uniti, lakini inamaliza ugomvi wa nani ametumia kiasi gani. Isomwe tarehe moja kila mwezi mbele ya mtu, ipigwe picha, iwekwe kwenye grupu la nyumba. Na fundi awe wa kweli. Waya zilizounganishwa juu ya dari kwa selotepu zimeunguza nyumba nyingi.

Mpangaji anasema LUKU inamkata kodi ya majengo. Ni kweli?

Ni kweli. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakusanywa kupitia LUKU. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Ghorofa mjini ni 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu.

Hiyo kodi ni ya mwenye jengo. Mpangaji anaitoa kwa sababu tu yeye ndiye anayenunua umeme, kwa hiyo mrudishie, au mkubaliane umpunguzie 18,000 kwenye kodi ya chumba mwisho wa mwaka. Kumwachia mzigo huo kimyakimya ni kumla mtu pesa yake. Kama nyumba moja ina mita kadhaa na zote zinakatwa, peleka namba za mita zote TANESCO na TRA, ibaki moja inayokatwa.

Na kodi ya mapato? Nina vyumba vinne tu.

Udogo hauondoi wajibu. Kiwango cha kodi ya zuio kwenye pango kwa mkaazi ni asilimia 10 ya pango. Kampuni, shule au shirika likipanga kwako, litakata asilimia hiyo kabla ya kukulipa na kuipeleka TRA. Dai cheti cha zuio kila wanapokata. Chukua namba ya mlipakodi (TIN), nenda ofisi ya TRA ya wilaya yako na daftari lako la mapato, uulize unatakiwa kulipa vipi kwa vyumba vyako. Anayekwenda mwenyewe huzungumza kwa amani kuliko anayefuatwa.

Choo kimejaa masika. Nani alipe gari?

Kwa maoni yangu ni mwenye nyumba. Shimo ni sehemu ya nyumba kama ulivyo msingi. Wapangaji wachangie taka na ulinzi, na kila mmoja alipie anachokiharibu. Kuwachangisha gari la kunyonya ndiko kunakozaa ule mchezo wa kusubiriana hadi choo kinafurika na watoto wanacheza pembeni.

Usisubiri Aprili. Masika maji ya ardhini yanapanda, hasa mabondeni na maeneo ya Temeke yenye udongo wa tope, shimo linajaa hata kama limenyonywa juzi, na magari yanagombaniwa. Nyonya Februari ardhi ikiwa kavu na njia inapitika. Mitaa ambayo gari haliingii kuna vijana wanaotumia pampu ya mkono na guta la magurudumu matatu kubeba mapipa. Hakikisha wanapeleka uchafu mahali panapokubaliwa.

Kutapisha choo mvua inaponyesha, maji yaende kwa majirani, naomba uache kabisa. Kipindupindu cha Dar kinapita njia hiyohiyo. Na fundi wa gari atakuonesha kinachoziba mpira wake: pampasi, pedi, matambara, mifuko ya nailoni. Weka ndoo yenye mfuniko chooni na umpe mtu mmoja zamu ya kuitoa siku gari la taka linapopita. Shimo litachukua muda mrefu zaidi kujaa.

Matengenezo madogo ni ya nani?

Bati, ukuta, msingi, nyaya za ndani ya ukuta, bomba kuu: vyako. Balbu, kioo kilichovunjwa na mtoto wake, kitasa alichokivunja akisahau funguo: vyake. Katikati kuna mambo ya kuzungumza, na ushauri wangu ni uwe mwepesi. Koki inayovuja ya shilingi elfu chache ukiichelewesha mwezi mzima, mpangaji anaanza kuchelewesha kodi, na hapo kila mmoja anaona ana haki.

Ukuta unaomenyuka rangi na kutoa unga mweupe chini hautibiwi kwa rangi mpya. Mara nyingi ni unyevu kutoka chini, au mchanga wenye chumvi uliotumika kujengea. Kwangua lipu hadi kwenye tofali, acha pakauke vizuri kipindi cha kiangazi, elekeza maji ya mvua mbali na msingi, ndipo upige lipu upya. Anayepaka rangi juu kwa juu atapaka kila mwaka.

Mpangaji hajalipa miezi mitatu. Naweza kumtolea vitu nje?

Usifanye hivyo. Usibadilishe kitasa, usiondoe mlango, usiezue bati juu ya kichwa chake, usimkatie umeme. Najua hasira unayoisikia: unamdai, anakusalimia asubuhi kama kawaida na jioni anarudi na mfuko wa nyama. Lakini ukigusa vitu vyake, wewe unayedai unageuka unayedaiwa. Atasema alikuwa na laki saba chini ya godoro, na utathibitishaje kwamba hazikuwapo?

Anza kwa kukaa naye. Kuna aliyefiwa, aliyeachishwa kazi, aliyelazwa. Andikianeni atalipa kiasi gani kila wiki, msaini. Wengi niliowaona wakipewa nafasi hiyo kwa heshima walilipa. Kwa yule asiyelipa na asiyetaka kuzungumza, toa notisi ya maandishi na ubaki na nakala iliyosainiwa na mpokeaji au shahidi. Kwa pango la kipindi hadi kipindi, notisi isipungue kipindi chenyewe: anayelipa kwa mwezi apewe walau mwezi.

Notisi ikiisha bado yupo, pitia serikali ya mtaa, kisha Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 Baraza la Kata kazi yake ni kusuluhisha, halitoi hukumu. Lina siku 30. Likishindwa, unapeleka shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya pamoja na uthibitisho kwamba usuluhishi umeshindikana. Ukishinda, anayetekeleza amri ya kumtoa mtu ni dalali wa baraza aliyeidhinishwa. Ni safari ndefu, ndiyo maana wakati mwingine mwenye nyumba humsamehe mtu deni la mwezi mmoja ili aondoke kwa hiari, wakaandikiana. Kwa chumba cha kodi ndogo, mara nyingi hiyo ndiyo hesabu nzuri.

Nyumba ni ya urithi na kaka anapokea kodi peke yake. Tufanyeje?

Mirathi ifunguliwe mahakamani, ateuliwe msimamizi. Yeye ndiye mwenye mamlaka ya kupangisha na kukusanya, na anatakiwa kuwaonesha warithi hesabu. Kodi iingie kwenye akaunti moja, ziondolewe gharama za nyumba, kinachobaki kigawanywe. Msiende kwa wapangaji mmoja mmoja kudai. Mpangaji anayefuatwa na ndugu watatu halipi yeyote, na siwezi kumlaumu.

Kwa wanandoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mmoja kuipangisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Wote wawili wasaini mkataba.

Niko Muscat, nyumba iko Tabata. Naisimamia vipi?

Mteue mtu mmoja kwa hati ya uwakilishi iliyothibitishwa, na ubalozi wetu Muscat unaweza kukuelekeza namna ya kuithibitisha. Mlipe kila mwezi kama kazi, hata kama ni mdogo wako wa damu. Ndugu asiyelipwa hujilipa. Wapangaji walipe benki au M-Pesa kwa namba yenye jina lako, msimamizi abaki na kazi ya kukagua na kuita mafundi. Kila tengenezo liwe na picha ya kabla na baada, pamoja na risiti. Na kodi iandikwe kwa shilingi: tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bei za fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi.

Mpangaji ametoroka, chumba kimefungwa na vitu vyake viko ndani.

Usifungue peke yako. Kwanza hakikisha ametoroka kweli: mpigie mdhamini, uliza kazini kwake, uliza hospitali na kituo cha polisi cha karibu, maana kuna waliodhaniwa wametoroka kumbe wamelazwa au wako mahabusu. Ukimkosa, toa taarifa polisi na kwa mwenyekiti wa mtaa, ubandike notisi mlangoni na uipige picha. Siku ya kufungua wawepo mwenyekiti au mjumbe na mashahidi wawili. Kila kitu kiorodheshwe, hadi sufuria na viatu, wote wasaini orodha, vitu vihifadhiwe. Usiviuze kufidia kodi bila amri ya baraza. Ndugu wakija kuvichukua, waandike majina, namba za vitambulisho na walichopokea, kisha wasaini chini ya orodha ileile.